Kisima Nilichokikataa

Jumatatu, 3 Machi

Daftari jipya. La zamani lilijaa manung'uniko, hili nataka liwe la furaha. Basi naanza na baya, liishe mapema.

Orodha imesomwa leo mezani. Dohani kumi na moja za viwanda zinatafuta pa kuzika hewa ukaa yao, na sisi tuna miamba saba ya kuipokea chini ya ardhi. Kazi yetu ni kuzikutanisha. Majirani zetu wa idara ya barabara wanatuita washenga, nasi hatukatai. Mwenzangu wa hesabu, Kikokotoo — ofisi nzima inamwita hivyo na mwenyewe anavimba kichwa — ana programu inayopima kila dohani na kila mwamba: umbali, kina, nafasi, uimara wa mwamba unaofunika. Kumi zimepata wenzao. Moja imekosa.

Ya kiwanda cha saruji! Ambacho mhandisi wake wa dohani ni mke wa mwanangu, ninayeishi naye nyumba moja.

Mwamba wa karibu unaokubalika uko kilomita mia mbili na arobaini kutoka kwao. Nani atalaza bomba refu hivyo kwa ajili ya tanuri moja? Orodha inafungwa tarehe 31. Kiwanda ambacho hakina mwamba siku hiyo, tanuri lake linazimwa mwisho wa mwaka. Watu mia sita pale. Na Mkwe ameshaitwa na kiwanda kingine, safari ya siku mbili kutoka hapa. Tanuri likizimwa, anahama. Mwanangu akirudi kutoka masomoni atamfuata huko huko, na mimi nitabaki na vyumba vinne na redio.

Nilimtazama mezani, upande wa pili. Aliandika "hakuna" kwenye daftari lake, kwa herufi nzuri, akalifunga.

Nyumbani hatukusema kitu. Hatuwezi. Tulitia saini mbele ya Mkuu wa idara, yeye na mimi: kazi isizungumzwe nyumbani, kila tokeo litangazwe mezani, pande zote zikiwepo. Huu ni mwaka wa tatu na hatujavunja. Kwa hiyo leo tumeongelea mapazia ya sebuleni. Yeye anataka ya kijani. Nikasema kijani ni kizuri. Mimi, na kijani!

Jumatano, 5 Machi

Mapazia tena. Sasa tumefika kwenye upana wa pindo. Amekula kidogo sana.

Alhamisi, 6 Machi

Nimetumwa ghala la mawe kupiga picha sampuli za kiwanda cha mbolea. Napenda ghala lile. Safu kwa safu za masanduku marefu, na ndani yake mwamba uliokatwa mviringo, mrefu kama mche wa sabuni, mita baada ya mita, jinsi ulivyotoka kisimani. Baridi, vumbi, na Bi Funguo kwenye kiti chake mlangoni, mwenye ghala kuliko hata serikali.

Nikapita safu ya Kisima cha Kumi na Mbili. Nilisimama tu kukisalimia. Hiki nilikikataa mimi mwenyewe miaka mitatu iliyopita. Kiko kilomita tisa nyuma ya kiwanda cha saruji, kilomita tisa tu! — na mwamba wake wa mchanga ni mzuri, una vitundu vidogo kama vinyweleo kila mahali, unakunywa maji ukiutazama. Lakini uko juu mno: mita 642. Sisi tunataka zaidi ya mia nane. Chini ya hapo uzito wa ardhi unaibana hewa ukaa mpaka inakaribia kuwa nzito kama maji, inakaa pahali padogo na kutulia. Juu ya hapo inataka nafasi kama mgeni mwenye masanduku saba. Kwa hiyo niliandika "hakifai", nikatia saini.

Sasa basi: mfuniko wa sanduku la kwanza la mwamba ule umeandikwa 861.

Nikafungua la pili. 866. La tatu, 871. Nikamwendea Bi Funguo, na nakiri sikumwendea kwa heshima. Nikamwambia amechanganya masanduku. Alinitazama taratibu kuanzia viatu. Akasema masanduku yake hayajahama tangu yalipoingia, na huenda zilizohama ni karatasi zangu.

Nimerudi nimenuna njia nzima. Nani aniulize mimi habari za karatasi!

Jumamosi, 8 Machi

Ee Mungu wangu.

Nitaandika polepole, nisiruke hata namba moja.

Asubuhi niliitoa ripoti ya kwanza ya wachimbaji, ile halisi, iliyokuwa chini ya kabati ofisini. Safu ya kina imejaa namba, na mbele ya kila namba kuna kistari cha kutoa. Kutoa 642. Kutoa 647. Kutoa 652. Chini kabisa ya ukurasa, kwa maandishi ya sisimizi: vipimo vyote ni kuanzia usawa wa bahari.

Usawa wa bahari! Na kisima kiko kwenye uwanda ulioinuka mita mia mbili na kumi na tano! Ongeza mita nne za jukwaa lao la kuchimbia, maana masanduku waliyapima kuanzia pale walipokuwa wamesimama. Mia mbili na kumi na tisa. Jumlisha na 642.

861. Sanduku la Bi Funguo.

Na nimekumbuka, ndiyo aibu yenyewe. Nimekumbuka mchana ule, miaka mitatu nyuma, nikihamisha namba zile kwenye kompyuta. Nilisema, kina gani hiki cha kutoa? Uchafu wa watu wasiojua kupanga. Nikavifuta vile vistari, kimoja kimoja, mpaka safu ikapendeza. Nilijipongeza kwa chai.

Mimi! Ninayewasahihisha watu nukta kwenye barua za likizo!

Nilicheka peke yangu jikoni mpaka machozi yakatoka, halafu machozi yakaendelea baada ya kicheko kuisha. Mwamba upo. Ulikuwepo siku zote, nyuma ya kiwanda, mita mia nane hamsini na saba, ukitoa zile nne za jukwaa, chini ya miguu ya watu, na niliyemnyima Mkwe ni mimi.

Akaingia. Akauliza Mama vipi, kuna nini? Nikasema, mapazia.

Jumatatu, 10 Machi

Nimewaambia Kikokotoo na Mkuu, mlango ukiwa umefungwa. Kikokotoo aliingiza 857 mahali pa 642 na kubonyeza. Kiwanda cha saruji na Kisima cha Kumi na Mbili: kutoka mkiani mpaka nafasi ya kwanza kati ya zote! Alisukuma kiti nyuma akaruka na miguu yote miwili, na ana kilo mia moja yule.

Mkuu alihakikisha mlango umefungwa. Halafu, kwa upole, maana ananipenda na anajua nina miezi minne tu nistaafu, akasema tunaweza kuandika kwamba takwimu zimehuishwa. Hakuna atakayeuliza zimehuishwa na nani wala kwa nini.

Nitakuwa mkweli, daftari ni langu. Nililitaka. Kwa muda wa kumeza mate mara mbili nililitaka sana. Miaka thelathini na moja bila doa, halafu doa miezi ya mwisho, mbele ya mke wa mwanangu!

Lakini mficha uchi hazai. Kama yupo mwingine aliyefuta vistari kwenye kisima kingine, atajuaje atazame? Nikamwambia Mkuu nitasema mwenyewe, kesho, mezani. Akakuna kidevu, akasema basi vaa vizuri.

Kabla ya kwenda nyumbani nilipita ghala kumwomba radhi Bi Funguo. Akasema masanduku yamepokea, yeye bado anafikiria.

Jumanne, 11 Machi

Yamekwisha. Nipo hai.

Mezani walikuwa kumi na wanne. Nilivaa gauni la bluu. Nilisimama, nikaweka ripoti ya wachimbaji na ripoti yangu ubavu kwa ubavu, nikaeleza vistari. Nilipofika pale pa "vilinisumbua macho" mtu wa kiwanda cha chuma alikohoa, na najua kikohozi cha namna ile.

Kisha Mkwe akainua kalamu. Sauti ya kazini, kavu, hata sikuijua. Akauliza kosa limegunduliwa lini. Nikasema Jumamosi. Akauliza lilifanyika lini. Nikasema miaka mitatu iliyopita. Akauliza na nani.

Na mimi, nikasema.

Akaandika. Aliandika kwa muda mrefu kuliko maneno mawili yanavyohitaji.

Wamekubaliana hivi: kisima kijaribiwe mara moja. Mafundi wapo tayari, walikuwa wamepangiwa kukikagua mwezi huu hata hivyo. Watasukuma maji ya chumvi ndani ya mwamba siku tatu mfululizo, tuone kama unapokea bila kugoma na kama mwamba wa juu unafunika bila kuvuja. Tokeo litangazwe tarehe 25, saa nne asubuhi, mezani. Likiwa zuri, kiwanda kinaingia orodhani. Si ndoa bado, kuna miaka ya upimaji mbele, lakini tanuri halizimwi.

Nilifika nyumbani kabla yake. Nikaosha vyombo vilivyo safi. Aliingia, akaweka mkoba, akasimama mlangoni pa jikoni.

"Miaka mitatu, Mama."

Akasema ametembea njia mbili za bomba kwa miguu, kwenye matope ya magoti, na ramani kichwani. Akasema amewaandikia watu barua arobaini. Akasema kuna mzee wa tanuri anayemuuliza kila asubuhi kama kuna habari, naye kila asubuhi anamwambia bado. Sauti ilikuwa inapanda. Nilisema nisamehe mwanangu, na nilikuwa na maana hiyo kwa mwili mzima.

Akanitazama. Akatazama sinki. Akatazama vijiko, ambavyo bila kujua nilikuwa nimevipanga kwenye kitambaa, kirefu mpaka kifupi.

Alianza kwa pua. Halafu akashika mlango. "Vilikusumbua macho!" alisema. "Mama! Mwamba mzima umetupwa kwa sababu namba hazikuchana nywele!" Akacheka mpaka akakaa sakafuni, nami nikakaa naye, na magoti yangu haya. Sijawahi kusamehewa kwa kelele namna ile. Jirani aligonga ukuta.

Alipopata pumzi akafuta macho, akasema lakini mwamba ukikataa maji, nakasirika upya, kuanzia mwanzo. Nikasema haki yako.

Ijumaa, 14 Machi

Tumerudi kwenye kimya cha kisheria. Mapazia yameshonwa. Kijani kama kabichi. Yanaanza kunipendeza, nisiseme uongo.

Alhamisi, 20 Machi

Kisimani. Tunakaa kwenye kontena lenye dirisha moja na feni inayopepea pembe isiyo na mtu. Nje kuna pampu, matangi manne ya maji ya chumvi, na ukimya wa uwanda. Kwa mbali naiona dohani ya saruji. Ajabu, dohani na kisima chake wanaonana siku zote, na mimi katikati na kifutio.

Fundi wa pampu ni mama mfupi, mwenye sauti ya paredi. Amenieleza geji zake mbili kana kwamba ni watoto. Ya chini iko ndani ya mwamba wetu: itapanda, lakini inatakiwa ipande taratibu. Ya juu iko juu ya mwamba unaofunika: hiyo isitikisike hata kidogo. Ikitikisika, kuna ufa, na tunafungasha.

Pampu imewashwa saa moja asubuhi. Sasa ni saa kumi. Ya chini inapanda kwa adabu. Ya juu imelala. Nimekunywa vikombe sita vya chai, na kila nusu saa namuuliza fundi kama amesoma geji. Mwishoni amenipa ufagio, akasema kontena ni chafu.

Ijumaa, 21 Machi

Leo nimezeeka.

Saa tatu asubuhi geji ya chini iliruka. Si kupanda, kuruka! Mwamba umegoma, nilisema, umeshiba, umekwisha. Nikaona yote: Mkwe anafungasha, mzee wa tanuri anaambiwa, mimi na redio yangu. Nikakaa juu ya ndoo.

Fundi hakukaa juu ya ndoo. Alizima pampu, akafungua chujio, akatoa donge la kutu ya bomba la zamani, nyekundu, kubwa kama ngumi. Akaninyanyulia mbele ya macho. Akasema mwamba hauna kosa, aliyekabwa koo ni bomba, na wataalamu wa karatasi wana haraka ya kulia.

Akawasha tena. Geji ikashuka, ikatulia, ikaendelea na adabu yake. Nilimkumbatia na ovaroli lake lote la grisi. Gauni langu la kijivu sasa lina mikono miwili ya mafuta mgongoni, na sitalifua.

Jumapili, 23 Machi

Pampu imezimwa tangu jana jioni, kwa sababu ya saa zile zilizopotea Ijumaa tuliongeza kidogo. Sasa tunatazama tu: geji ya chini ikishuka vizuri mpaka ilipoanzia, maana yake maji yamesambaa mbali ndani ya mwamba, nafasi ipo. Inashuka. Inashuka polepole. Nakatazwa kuigusa.

Mwanangu amepiga simu, kama kila Jumapili. Hana kiapo yule lakini mke wake anacho, kwa hiyo amekuwa kama mtu anayepita kwenye vyombo vya udongo gizani. Akauliza habari za huko. Nikasema hali ya hewa ni nzuri. Akauliza nzuri ya kawaida au nzuri sana. Nikamwambia usinitege, mimi ndiye niliyekuzaa. Akacheka, akasema kwa kweli anataka tu kujua atafute kazi mji gani akimaliza.

Nimekata simu haraka. Ningesema. Wallahi ningesema, na sijui hata ningesema nini, kwa maana geji bado.

Jumatatu, 24 Machi

Saa kumi na moja na robo jioni. Niko chumbani kwangu, nimefunga mlango kwa ufunguo, naandika nikiwa nimekaa sakafuni.

Saa tano asubuhi fundi alisoma mara ya mwisho. Ya chini imerudi mahali pake. Ya juu haikutikisika hata unywele, siku zote tano! Fundi alivua kofia. Kikokotoo alipiga hesabu mara tatu, mara zote tatu nikamchungulia kila namba na kila kistari, safari hii sikufuta kitu. Mkuu ametia saini. Bahasha iko kwenye mkoba, mkoba uko mapajani. Kesho saa nne, mezani.

Mpaka hapo mdomo wangu ni kaburi. Mdomo nauweza. Uso ndio unaonishinda! Njiani watu wasionijua walinisalimia. Dereva aliuliza kama kuna harusi. Nilipanga niingie, niseme kichwa kinaniuma, nilale mpaka kesho.

Mkwe alikuwa ameshafika. Nimesikia kiti chake, nikapita sebuleni mkoba usoni kama jua linanichoma, ndani ya nyumba! Nikajifungia.

Saa kumi na moja na dakika ishirini na tano. Amegonga.

Nikasema kichwa. Akasema pole Mama. Halafu akasema, kwa sauti ya taratibu, si ile ya mezani, kwamba kile kiwanda kingine kimempigia. Wanataka jibu leo. Kabla ya saa kumi na mbili. Akikubali, nafasi ni yake. Akikataa, wanampa mwingine, na hawatarudi tena. Aliomba mpaka kesho mchana, wakamkatalia.

Nimejiziba mdomo kwa mto.

Saa kumi na moja na nusu. Bado yupo mlangoni, nauona mguu wake chini. Anasema haniulizi habari ya kazi. Hajawahi na hataanza leo. Anasema saini yake ni saini yake. Hataki neno, hataki hata mguno.

"Mama, fungua tu nikuone uso."

Nimeenda kwenye kioo. Nimejaribu kununa. Nimefikiria meno, nimefikiria kodi, nimefikiria mazishi ya shangazi. Nikafika pa mwamba kunywa maji siku tatu bila kugoma, na mashavu yakapanda yenyewe mpaka masikioni.

Nimetoa nakala ya kiapo kwenye droo, nimekisoma chote. Wasizungumze. Wasiandikiane. Wasionyeshane hati. Nimekisoma tena kutoka chini kwenda juu. Habari ya uso haimo! Lakini anayetafuta mlango wa nyuma kwenye kiapo anajua anachofanya, na mimi najua. Nikikaa hapa ndani mpaka saa kumi na mbili, ataona nimejificha. Atasema mtu hujificha na habari mbaya. Atapiga simu atakubali.

Saa kumi na moja na dakika arobaini na tano. Mguu umeondoka. Namsikia sebuleni. Anabonyeza namba.

Nimesimama. Nimeshika ufunguo. Nitatoka nichukue maji ya kunywa, basi, ni haki ya kila mtu mwenye kiu, na nitanuna, nitanuna kwa nguvu zote alizonipa Mungu —